Mkanda wa tumbo baada ya kujifungua, nianze lini?

MamaTunu: Habari zenu wadau. Nipo wiki ya tatu tangu nijifungue, mtoto hajambo. Tumbo bado kama la miezi mitano! Mkanda wa kubana nimeshanunua. Niuvae kuanzia lini, na mazoezi je? Silali kwa mawazo.

Kigogo: Hongera. Mimi sijazaa ila kitambi ninacho. Ukifanya kazi nistue.

BiZulfa: Mtoto hajakaza shingo unawaza kiuno! Mji wa mimba wenyewe huchukua kama wiki 6 kurudi. Mimi kwa kifungua mimba wangu hata kioo nilikisahau, mama mkwe akanisema weee, leo yeye ndiye mnene.

NesiMstaafu: Ulijifungua kawaida au kwa upasuaji?

MamaTunu: Nimeuliza mkanda.

NesiMstaafu: Nami nauliza kwa ajili ya huo mkanda.

MamaTunu: Upasuaji. Mshono ulishafunga, ila juzi pembeni umeanza kutoa majimaji. Kidogo tu. Usiku natetemeka kwa baridi, nadhani ni maziwa kujaa. Nyumbani kulibaki antibayotiki, nazimeza. Na mkanda nauvaa mchana tu, tena siubani sana.

NesiMstaafu: Kumbe umeshaanza! Vua. Maziwa yakijaa titi ndilo linalouma, mshono hauvuji. Majimaji pamoja na baridi ni dalili ya maambukizi: hospitali leo, na dawa hizo za mabaki uende nazo wazione. Mazoezi kwa sasa ni kutembea taratibu, basi. Na pedi ikilowa chapa ndani ya saa moja, kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, au kichwa kikigonga huku unaona ukungu, usije kuandika hapa, kimbia.

MzeeWaZamu: Hii chai. Mwezi uliopita akaunti hii hii ilikuwa inatafuta mchumba. Mwanaume, miaka 34.

Kigogo: Na mimi nilishaanza kulia jamani.

MamaTunu: Akaunti ni ya kaka yangu, nimebadilisha jina tu. Mbona mnanigeuka?

NesiMstaafu: Chai au si chai, umepima joto?

MamaTunu: 38.4. Haya, natoka. Ila barabara ina mashimo, mkanda si utanisaidia njiani?

NesiMstaafu: UACHE NYUMBANI.

BiZulfa: Huyo kaka alishampata mchumba? Nina mpwa wangu hapa.