Mjadala: Je, kabila limpe mhusika wa mchezo alama za uwezo?

Wa Katindo (anafungua mjadala)

Ndugu zangu, kundi letu hapa Goma linatengeneza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika: msimamizi anasimulia, kila mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na penye shaka dadu zinaamua. Hadithi ni ya kwetu, ya ziwa Kivu, barabara ya Sake na mawe meusi ya Nyiragongo. Jumamosi tulifika kwenye karatasi ya mhusika, tukakwama.

Kila mhusika ana alama sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Tumezirithi kutoka Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974. Mwenzetu mmoja akaleta jedwali alilolichora usiku kucha: kila kabila la Kivu na nyongeza yake na punguzo lake. Hakuwa na nia mbaya, aliiga vitabu. Katika toleo la mwaka 2000 la mchezo huo, anayezaliwa nusu mtu nusu orki, kiumbe wa kubuniwa wa hadithi hizo, anaongezewa nguvu 2, halafu anapunguziwa akili 2 na haiba 2, kabla hajasema hata neno moja.

Jedwali likazunguka mezani. Msichana aliyekaa dirishani akakuta kabila la mama yake limeandikwa akili −2. Akakunja karatasi yake, akaitia mfukoni, na siku hiyo hakucheza tena.

Nasema wazi: namba isitokane na kuzaliwa. Sisi wa huku tunajua maneno ya "watu wa kule ndivyo walivyo" yanaanzia wapi na yanafika wapi. Jedwali lile ni maneno hayohayo yamepewa namba, na namba mchezaji anairudia kila anaporusha dadu, mpaka aizoee. Alama zitokane na maisha. Aliyeshusha chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka Kibumba na magunia ya viazi, mpeni ustahimilivu. Aliyevua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, usiku, wepesi. Aliyelea wadogo zake watano, busara, tena nyingi.

Wenye mchezo wenyewe wamehama huko. Mwaka 2020 walitoa kitabu kinachomruhusu mchezaji kuzihamisha zile nyongeza anakotaka, na katika kitabu cha mwaka 2024 wakazifunga kwenye maisha ya mhusika kabla ya hadithi kuanza. Nyinyi mnasemaje?

Wa Himbi

Mimi napinga, na nimecheza miaka mingi. Jitu la mita tatu lina nguvu kuliko mimi, hilo si dharau. Mkifuta tofauti zote za kuzaliwa, mtu atachagua kuwa jitu kwa faida gani? Ladha ya mchezo iko hapo: kila kiumbe na mwili wake. Orki si jirani yangu.

Wa Katindo

Kaka, kwa jitu nakubali. Mwili wa mita tatu una uzito wake na tunaweza kuupima. Lakini kwenye jedwali letu hapakuwa na jitu hata moja. Palikuwa na majirani watupu.

Dada wa Mabanga

Mmesahau wanawake. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, mhusika mwanamke aliwekewa kikomo cha nguvu kilicho chini ya cha mwanamume. Aliyeandika vile angekuja asubuhi moja aone mama zetu wanavyopanda kutoka bandarini na magunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Kikomo hicho kiliondolewa baadaye, na hakuna mchezo uliokufa kwa sababu hiyo.

Halafu hiyo "akili" inapima nini? Nimekaa kwenye meza yenu mara mbili. Anayesema Kifaransa vizuri ndiye anapewa akili 15. Mama yangu hakumaliza shule ya msingi, na hesabu za mikopo ya wateja wake wa makala (mkaa), wote, ziko kichwani. Mchezo wa Traveller wa mwaka 1977 ulitenga akili na elimu, kila moja na alama yake. Tufanye hivyo.

Mwanafunzi wa hesabu, Keshero

Naunga mkono, ila dadu nazo ni kuzaliwa. Ukirusha dadu tatu na kujumlisha, unapata kati ya 3 na 18, wastani 10.5. Njia za kuanguka ni 216, na 18 inatokea kwa njia moja tu. Mmoja anaanza hadithi na 16, jirani yake na 6, na hakuna kati yao aliyefanya lolote.

Kuna njia ya kununua kwa pointi 27. Kila alama inaanza 8, haizidi 15. Kupanda hadi 13 ni pointi moja kwa kila hatua, kisha 14 na 15 zinagharimu mbili kila moja. Ukitaka 15 tatu, pointi zote zimekwisha na alama tatu zinabaki 8. Kila mtu anakosa kitu, na anakuwa amechagua mwenyewe atakachokosa.

Mzee wa Majengo

Wanangu, nimesoma yote. Jambo moja linaniuma: msije mkafuta kabila kabisa kwa kuogopa. Kijana asiyejua nyimbo za bibi yake amepoteza kitu. Kabila lisitoe namba, litoe lugha, litoe watu. Mhusika akifika kisiwa cha Idjwi usiku wa mvua, nani atamfungulia mlango? Hiyo ndiyo kazi ya kabila.

Dada wa Mabanga

Asante, Papa. Na mwenye baba wa huku na mama wa kule?

Mzee wa Majengo

Ana milango miwili.

Wa Katindo

Jumamosi naleta karatasi mpya. Mstari wa kabila utabaki, na chini yake: lugha, wimbo mmoja, mlango mmoja. Akili na elimu zitatengana. Yule msichana nilimfuata nyumbani, nikamwomba aandike wa kwanza, upande wa mama yake. Amekubali, ila anataka kuona kwanza lile jedwali likichanwa mbele ya wote, na aliyelichora amesema atalichana mwenyewe.

Pointi 27 au dadu, hilo bado. Wa Himbi, wewe na mwanafunzi wetu leteni kila mmoja wahusika wawili, tuwacheze wote wanne.