Tupeane uzoefu: Santuri za disko, house, tekno na singeli, mpya na zilizotolewa upya

SindanoKali (Dar es Salaam), mwanzisha uzi

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa sisi tunaonunua santuri hadi leo, na sizungumzii za zilipendwa wala rumba, hizo zina nyuzi zake. Hapa nataka muziki wa kuchezea uliotengenezwa kwa mashine: disko la vinanda, house, tekno, kwaito ya Afrika Kusini, singeli. Iwe sahani (ndiyo santuri yenyewe) mpya au ya zamani iliyotolewa upya. Umeipata wapi, inapiga vipi, unaitunzaje. Na kubwa kuliko yote kwangu: ulijuaje kwamba mwenye wimbo kalipwa?

Naanza mimi. Sahani iliyonirudisha kwenye kununua ni Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes, lebo (kampuni ya kutoa muziki) ya Kampala. Nyimbo zile zimepikwa Mburahati, studio kwa Sisso. Kutoka kwangu hadi pale ni daladala moja, lakini sahani yenyewe ilibidi itoke Ulaya, maana Dar hatuna kiwanda cha kuchapa santuri.

Kuna wanaosema singeli haifai kwenye santuri kwa sababu ya kasi. Si kweli. Mapigo hata yapite 200 kwa dakika, sindano haisumbuki. Kinachoisumbua ni besi. Besi kubwa inayumbisha mfereji, ule mstari sindano inamopita, na kama imetawanywa huku na huku kwenye spika mbili, sindano inaweza kuruka kabisa. Ndiyo maana fundi anayechonga sahani mama, ile ya kuchapia nyingine, huirudisha besi katikati kwanza. Kwenye sahani yangu zile kelele za juu, ambazo kwenye simu zinakwaruza sikio, zimepata nafasi ya kupumua. Niliipiga uani siku ya shughuli ya mdogo wangu, vijana wa mtaa wakasogea kutazama inavyozunguka. Mmoja akachukua jalada, akasoma majina, akasema hawa si ndio wanaopiga kwenye vigodoro vyetu?

Karibuni, shusheni uzoefu.

Mvita wa Kale (Mombasa)

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi naingia upande wa utunzaji, kwa sababu huku kwetu pwani adui wa santuri ni unyevu.

Marehemu baba alikuwa akipiga disko kwenye hoteli za ufuo wa kaskazini, watalii walipokuwa wengi. Aliacha sanduku la sahani za inchi 12, disko la Marekani na Ulaya, na humo ndani kuna Mombasa Roots na Disco Chakacha yao, ambayo ukiiweka leo mbele ya mama zetu wote wanainuka. Sanduku lilikaa chini ya kitanda miaka mingi. Nilipolifungua, majalada yalikuwa yameshikana, na juu ya sahani kuna vidoa vyeupe vidogo mno, vimejipanga ndani ya mifereji. Ule ndio ukungu. Ukiweka sindano hapo unasikia mchakacho kama mvua juu ya mabati, na sindano yenyewe inabeba uchafu na kuupeleka mbele.

Ninavyosafisha: maji safi yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri (si asidi), si ya bomba, kwa sababu maji yetu yana chumvi, yakikauka yanaacha chumvi mferejini. Naongeza spiriti safi kidogo na tone moja la sabuni ya vyombo. Nafunika lebo ya katikati kwa kifuniko cha plastiki, napitisha brashi laini kwa kufuata mzunguko, kamwe si kukata mifereji. Kisha nasuuza kwa maji matupu, nasimamisha zikauke kivulini. Jalada la ndani la karatasi natupa, naweka jipya. La nje napangusa na kulianika penye upepo.

Tahadhari: kama una zile sahani nzito za babu za mizunguko 78 kwa dakika, spiriti usiisogeze karibu. Zile ni za sheleki, na spiriti inayeyusha sheleki.

DekiMbili (Nairobi)

Mzee wa Mvita, shukran. Hiyo ya maji ya betri naichukua.

Mimi hununua Kenyatta Market, pale kwenye vibanda vya santuri, kila mpenda sahani Nairobi anapajua. Lakini kwa disko la Afrika Kusini nililazimika kuagiza. Mnakumbuka jinsi Yvonne Chaka Chaka alivyotawala kila disko hapa, kutoka mjini hadi vijijini? Watu wengi walibaki na zile nyimbo mbili tatu kubwa tu. Mwaka 2017 Rush Hour ya Amsterdam ikatoa Pantsula!, mkusanyiko wa muziki wa kielektroniki wa Afrika Kusini wa 1988 hadi 1990. Mwaka uliofuata Soundway wakatoa Gumba Fire, disko la vinanda la miaka ya 80. Ukisikiliza hizo mbili kwa mfululizo unaona kabisa njia inayotoka bubblegum, ndilo hilo disko la vinanda la kwao, ikielekea kwaito. Sijapata kitabu kinachonionyesha hivyo.

Jambo moja wanaoanza wapate kujua: msinunue kwa kuangalia uzito wa sahani. Wauzaji wanapenda kuandika gramu 180 kama kwamba ndiyo sauti. Uzito hauchongi mfereji. Tazama dakika ngapi zimewekwa kila upande na sahani inazunguka kasi gani. Inchi 12 yenye wimbo mmoja kila upande, mizunguko 45, ina mifereji mipana, kwa hivyo sauti inatoka kubwa na besi inakaa. Hii ndiyo sababu ma-DJ waliishika tangu katikati ya miaka ya 70, Tom Moulton, mchanganyaji wa nyimbo za disko wa Marekani, alipochongewa wimbo mmoja kwenye sahani kubwa kwa kuwa zile ndogo za inchi 7 zilikuwa zimeisha studioni, na akasikia tofauti. Sasa mtu akikubania dakika 28 upande mmoja, usiilaumu sindano.

Na umeme! Jirani yangu aliletewa pleya ya zamani na shemejiye aliyeko Marekani. Wakaweka transfoma ya kushusha volti, ikawaka, lakini kila wimbo unaimba kwa usingizi. Transfoma inabadilisha volti tu, haigusi hezi, yaani mara ngapi umeme unapigapiga kwa sekunde. Kule ni 60, kwetu ni 50, na mota za namna ile zinafuata hezi za umeme. Sahani ya 33 inashuka hadi karibu 28. Pleya ya Technics SL-1200, kuanzia toleo la MK2 la 1979, haina shida hiyo, mota yake inashikwa na kioo cha kwatzi ndani. Volti tu ndizo za kuangalia.

mtoto_wa_Tandika

Wakuu samahani, mimi mgeni. Kwa nini mtu anunue sahani ghali hivyo wakati wimbo huohuo upo bure mtandaoni?

DekiMbili

Mdogo wangu, nyingi katika hizi hazikuwepo popote mpaka mtu alipozitoa upya. Upo mtandaoni leo kwa sababu kuna aliyeutafuta mkanda.

Bi Karafuu (Sheffield, Uingereza)

Jamani nami mniruhusu, ingawa naona uzi umejaa wanaume.

Mimi ni wa Unguja, naishi huku. Nilikuwa sina habari na house hata kidogo, muziki wangu ni taarab. Siku moja rafiki akaniita duka la santuri, muuzaji kaweka sahani, namsikia mwanamke anaimba Kiswahili chetu, kile cha Unguja hasa, juu ya ngoma za house. Nilisimama pale pale na kikapu changu. Ni Mim Suleiman, mzaliwa wa Zanzibar anayeishi mji huu huu, na muziki wake umetengenezwa na Maurice Fulton, Mmarekani wa Baltimore aliyehamia hapa. Albamu yao ya kwanza, Tungi, ni ya 2010.

Kinachonigusa ni namna alivyoyaacha maneno. Hajapunguza Kiswahili ili Wazungu waelewe. Anapiga mafumbo kama kwenye kidumbaki, ile taarab yetu ya mitaani, na ukumbi mzima wa watu wasiojua neno hata moja unacheza hadi alfajiri. Mwanangu aliyezaliwa huku amejifunza maneno kutoka kwenye sahani ile ambayo mimi sikuwahi kumfundisha.

Kwa walioko huku: mwenye duka ukimwomba akusikilizishe, anakusikilizisha. Msione haya. Vaeni headphone, kaeni pembeni, sikilizeni pande zote mbili.

Pwani ya Pili (Dubai)

Nataka kujibu swali la mwanzisha uzi la mwenye wimbo kulipwa, kwa sababu hapo ndipo nimetumia akili yangu nyingi. Nilianza kununua The Flip Side, duka la santuri pale Alserkal Avenue, baadaye nikahamia kuagiza.

Tuanze kwa aliyefanyiwa vizuri. Ata Kak wa Ghana alitoa kaseti iitwayo Obaa Sima mwaka 1994, karibu haikuuzwa kabisa. Mwaka 2002 Mmarekani mmoja, Brian Shimkovitz, akainunua Cape Coast. Akarudi kwao, akaanzisha Awesome Tapes From Africa, na wimbo ukaanza kuzunguka. Alimtafuta Ata Kak kwa miaka mingi hadi akampata, wakakubaliana, na mwaka 2015 ikatoka kwenye santuri. Lebo ile inagawana faida nusu kwa nusu na msanii. Mzee akaanza kupanda majukwaa ya Ulaya akiwa na zaidi ya miaka 50.

William Onyeabor wa Enugu, Nigeria, yeye alikuwa na studio na lebo yake mwenyewe, Wilfilms, akatoa albamu zake kati ya 1977 na 1985, halafu akaokoka na kuuacha muziki. Lebo ya Luaka Bop ya Marekani walipotoa mkusanyiko wake mwaka 2013 dunia ikashtuka kusikia vinanda vile. Alifariki 2017. Sahani zake za toleo la kwanza zinauzwa bei ya pikipiki. Mimi nina toleo la Luaka Bop na sina kinyongo, linapiga safi.

Sasa upande mwingine. Larry Heard, aliyetengeneza Can You Feel It, moja ya nguzo za house ya Chicago, pamoja na Robert Owens, waliishitaki Trax Records, lebo ya Chicago iliyotoa nyimbo zao, mwaka 2020 wakidai haki na malipo ya nyimbo zao. Shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2022, haki za nyimbo zikarudi kwao. Hesabuni wenyewe, nyimbo za miaka ya 80! Na muda wote huo sahani zilikuwa zinachapwa upya na sisi tunanunua.

Kwa hiyo kabla sijalipa nasoma nyuma ya jalada. Natafuta jina la mwenye haki, mwaka, na maneno yanayosema imetolewa kwa idhini ya nani. Natafuta imechongwa kutoka wapi: mkanda halisi, kaseti, au sahani nyingine. Lebo zinazojiheshimu zinasema wazi hata kama chanzo ni kaseti. Jalada likiwa kimya kabisa, picha imefifia kama imepigwa fotokopi, na lebo haina anwani, naliacha dukani hata wimbo niupende vipi.

Kwa za mtumba, tazama namba zilizochongwa kwenye ile sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Zilinganishe na za Discogs. Ule mtandao ulianza mwaka 2000 ukiorodhesha muziki wa kielektroniki peke yake, kwa hiyo upande wetu huu umejaa maelezo mazuri.

Kivu_Kampala

Nawasalimu wote. Mimi ni wa Bukavu, niko Kampala. Kwangu ni Noir et Blanc ya Zazou, Bikaye na CY1, ya mwaka 1983. Bony Bikaye ni mwimbaji wetu wa Kongo, wengine ni Wafaransa wenye mitambo ya sauti ya nyaya nyingi. Crammed Discs ya Ubelgiji waliitoa kwanza, na ni hao hao walioirudisha 2017, kwa hiyo suala la idhini halipo. Tafuteni. Usiku, taa ndogo, sauti juu.

Mchele Mbeya

Mimi yangu ni machungu. Niliagiza sahani mbili za tekno ya Detroit, zikafika zimekunjamana mfano wa chapati. Muuzaji hakujibu barua hata moja, na gharama ya usafiri pamoja na kodi ilikuwa imeshapita bei ya sahani zenyewe. Kuna dawa ya sahani iliyopinda?

SindanoKali

Pole sana mkuu. Kama imepinda ukingoni tu, ilaze kati ya vioo viwili vinene, bado ikiwa ndani ya jalada safi la ndani, weka vitabu vizito juu, iache wiki kadhaa chumba chenye ubaridi. Usiipeleke juani hata ukisikia mtu amefanikiwa. Jua la Dar au Mbeya mchana linaiharibu mifereji kabla halijainyoosha.

Kuhusu gharama: tuungane. Sahani moja na sahani tano nauli yake haipishani sana, na ukimpata msafiri anayerudi likizo ni bora zaidi, ila mwambie azibebe mkononi, zikiwa zimesimama. Walioko Dar wanaotaka kuagiza pamoja waandike hapa chini.

Bado nina jambo. Pwani ya Pili kaeleza vizuri habari ya mwenye haki, nami nimekuwa nawaza mchiriku, muziki wa mitaani wa Dar. Kundi la Jagwa Music wao wana albamu yao, Bongo Hotheads, waliyotoa na Crammed mwaka 2012. Lakini kaseti za miaka ya 90, zile za kinanda kidogo cha Casio na sauti imepasuka, ziko makabatini kwa watu, na wengi waliozipiga bado wako hai Dar. Siku lebo ikija kuziulizia, majina yasipojulikana, hela itakwenda kwa aliyeshika kaseti. Mwenye kaseti ya mchiriku ikiwa na jalada lake aandike humu jina la kundi, majina ya wapigaji kama yalivyochapwa, na studio ilikorekodiwa. Mimi nitaanza na tatu nilizonazo, nitaziweka jioni nikitoka kazini.