Kokeni na amfetamini: zinatofautianaje mwilini?

Swali: Dawa hizi za kulevya zote huchangamsha. Tofauti iko wapi, na hatari hasa ni ipi?

Jibu 1: Kokeni huziba njia ya kurudisha dopamini (kemikali ya ubongo inayoleta raha) ndani ya neva, ikarundikana nje. Amfetamini huingia nevani na kuisukuma itoke. Nusu ya kokeni huondoka kwenye damu kwa takriban saa 1. Amfetamini, saa 10 hivi.

Jibu 2: Msisahau noradrenalini, kemikali inayouchochea moyo; dawa zote mbili huiongeza pia. Moyo hudunda kwa nguvu huku mishipa inayoulisha ikibanwa. Hapo hata kijana hupata shtuko la moyo. Mtu akichanganya kokeni na pombe, ini hutengeneza kokaethilini, kemikali inayodumu zaidi ya kokeni.

Jibu 3: Na joto la mwili hupanda! Ngozi ya mtumiaji ikiwaka, akichanganyikiwa au kifua kikimbana, hospitali mara moja. Mpozeni kwa maji na upepo. Msimkandamize chini, akipambana joto huzidi kupanda.