Sensa ya noki ya 1NZ-FE: je, ni lazima kufungua manifoldi?

MwenyeIST
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina Toyota IST ya mwaka 2005 yenye injini ya 1NZ-FE. Tangu juma lililopita taa ya injini inawaka, gari limekuwa zito kwenye milima, na mashine ya kusomea makosa inaonyesha P0325, yaani mzunguko wa umeme wa sensa ya noki, ile inayosikiliza injini ikigonga. Sensa hiyo imejificha ubavuni mwa bloku, nyuma ya manifoldi ya kuingizia hewa, na mkono wangu unaishia kwenye waya tu. Fundi mmoja ameniambia kwamba ni lazima injini ishushwe. Ninazo spana nyumbani, hivyo naomba kuelekezwa.

FundiMstaafu
Ndugu yangu, injini haishushwi kwa ajili ya sensa hiyo. Hata hivyo, usinunue spea kabla ya kupima, kwa sababu P0325 huweza kusababishwa pia na waya au soketi, na panya wanapenda sana waya za magari yanayolala nje. Chomoa soketi, kisha pima kwa maltimita kati ya pini mbili za sensa: ile bapa yenye tundu la boliti katikati husoma kilo-omu 120 hadi 280 injini ikiwa baridi. Uzito unaouona unatokana na kompyuta kuchelewesha cheche ili kuilinda injini, kwa kuwa haisikii tena kama inagonga.

Mama_Probox
Kazi hiyo nimeifanya mwenyewe kwenye Probox yenye injini hiyohiyo. Nilitoa teminali hasi ya betri, nikaondoa boksi la kichujio cha hewa na throto bodi (mlango wa kupimia hewa inayoingia), kisha nikafungua manifoldi, ambayo ni ya plastiki na nyepesi. Mara tu inapotoka, ziba matundu ya silinda hedi kwa vitambaa safi, kwani nati ikidondoka humo, kazi ya saa tatu inageuka kuwa ya kufungua injini kweli. Mahali inapokaa sensa pasafishwe hadi chuma kitupu. Usiweke washa (pete ya boliti) wala grisi, na boliti yake ikazwe kwa Nm 20 kwa spana ya kipimo, maana sensa hii husikiliza mtetemo wa bloku na ikikazwa vibaya husikia vibaya. Gasketi ya manifoldi iwe mpya.

Kijana_wa_Chini
Wapo wanaoifikia kwa chini kwa ekstensheni ndefu, bila kugusa manifoldi.

FundiMstaafu
Inawezekana, lakini siishauri. Kwa chini huoni unachosafisha, spana ya kipimo haikai vizuri, na anayelala chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee bila stendi anahatarisha maisha yake. Afadhali kupoteza saa moja kwa kufungua nafasi. Tena, manifoldi ikiwa nje, kagua na valvu ya oili ya VVT-i, yaani mfumo wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu: inashikwa na boliti moja ya namba 10, koili yake husoma omu 6.9 hadi 7.9, na ukiitoa, badilisha oringi, ile pete yake ya mpira.

MwenyeIST
Nashukuruni sana. Nimepima leo: sensa haisomi chochote, na waya ni mzima hadi kwenye kompyuta. Nimeagiza sensa, gasketi na oringi, nami nitaanza Jumamosi asubuhi kabla injini haijawashwa.