Fizi za baba zimeota tangu aongezewe dawa ya presha: je, dawa ndiyo chanzo?

Mwanatanga
Habari zenu, ndugu. Baba yangu ana umri wa miaka 63, na tangu mwaka jana anatumia amlodipini ya miligramu 10 baada ya kuongezewa kutoka miligramu 5. Kwa miezi michache sasa fizi zake za mbele zimekua hadi kufunika sehemu ya meno. Hazimuumi, ila hutoa damu anapopiga mswaki, kwa hiyo ameacha kuupitisha hapo akiogopa kuzichubua. Tulikokwenda kwanza tuliambiwa meno mawili yang'olewe, wala hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani. Sasa anataka kuacha vidonge kabisa. Je, dawa ya presha inaweza kweli kuotesha fizi?

Tabibu wa Meno
Mfikishie mzee shikamoo yangu. Ndiyo, inaweza. Amlodipini ni ya kundi la dawa zinazozuia kalisi kuingia kwenye chembe za misuli ya mishipa ya damu, ili mishipa ilegee na presha ishuke. Lakini kwenye fizi za baadhi ya watu dawa hizo huvuruga uwiano kati ya kutengenezwa na kuvunjwa kwa kolajeni, yaani nyuzi zinazoipa fizi uimara wake, na nyuzi hizo zikalimbikizana. Nifedipini, ndugu yake, ndiyo inayojulikana zaidi kwa kosa hilo, kama ilivyo fenitoini kwa wagonjwa wa kifafa. Kwa kawaida uvimbe huanzia kwenye vijinyama vilivyo katikati ya meno, hasa ya mbele, na si saratani.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni huo mswaki ulioachwa. Ukoga ukikaa, fizi huwaka, na fizi iliyowaka huota zaidi. Ikishaota, ukoga hupata pa kujificha. Apige mswaki laini mara mbili kwa siku hata kama damu inatoka, kisha aende akaondolewe ugaga, yaani ukoga uliogandamana na kuwa mgumu kwenye meno. Kuhusu kung'oa, mimi nisingekubali kabla ya kupigwa picha ya eksirei na kuelezwa meno hayo yana kasoro gani.

Mfamasia
Asiache vidonge kwa uamuzi wake. Presha inaweza kupanda bila dalili yoyote, na kiharusi hakitangulizi barua. Arudi kwa daktari aliyemwandikia, amwonyeshe fizi na amuulize kama anaweza kupunguziwa dozi au kubadilishiwa kundi, kwa mfano apewe losatani, ambayo huhitaji kwanza kupima figo na potasiamu, au dawa ya kuongeza mkojo. Angalizo: kubadilishiwa amlodipini kwa nifedipini si kubadilishiwa, maana ni ukoo uleule. Na kama vifundo vya miguu yake huvimba jioni, alitaje hilo pia, kwani dawa hiyohiyo huweza kuleta uvimbe huo.

Mkaazi wa Pwani
Yalinipata mimi. Nilibadilishiwa dawa na kusafishwa meno, nikasubiri miezi kadhaa fizi zikinywea polepole mno, hata nikakata tamaa katikati. Sehemu ndogo iliyobaki ngumu ilikatwa kwa ganzi, na siku ileile nikarudi nyumbani kwa daladala.

Mwanatanga
Nawashukuru sana. Baba amesoma haya yote na amekubali kuendelea na vidonge hadi tutakapomwona daktari. Je, zikikatwa zinaweza kuota tena?

Tabibu wa Meno
Zinaweza, hasa akibaki kwenye dawa ileile na usafi ukilegea; ndiyo sababu kukata huja mwisho, na baada yake arudi kukaguliwa kila baada ya miezi michache. Jambo jingine: iwapo fizi zitavimba kwa kasi ndani ya siku au wiki chache, pamoja na homa, uchovu usioelezeka au mavilio ya damu kwenye ngozi, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni haraka akapimwe damu, kwa sababu saratani ya damu nayo huweza kujitokeza kwenye fizi, na hapo amlodipini itakuwa inasingiziwa.