Tupeane uzoefu: ni picha gani uliipenda miaka yote kumbe mdomo wa stelingi hukuwahi kuuelewa?

#1
Wakuu habari za jioni. Juzi nimekaa na hedifoni nikarudia Rambo ile ya kwanza kabisa, ya 1982, nikagundua nimedanganyika karibu miaka 25.

Sisi tuliiona kibanda umiza huku Kihonda, Morogoro, kiingilio sh 50, deki imechoka, na kuna bro alikuwa anashika maiki anatafsiri. Sasa kule mwisho Stallone yupo kituo cha polisi na yule kanali wake, anaanza kulia anaongea huku kamasi zinamtoka, hapo hata Mzungu nadhani anakaza sikio. Bro akatuambia jamaa anamlilia kaka yake alierudishwa kwenye boksi, yani jeneza, na sasa anaenda Las Vegas kulipiza kisasi. Kibanda kizima kimya, kuna mmama wa vitumbua alikuwa amesimama mlangoni nae akafuta machozi. Tukakaa tunasubiria pati tuu ya Las Vegas, ikaja tukakuta msitu wa Vietnam tukasema aah atakuwa kapitia huko kwanza.

Juzi ndo naweka maandishi chini kumbe boksi ni sanduku la mtoto wa kung'arisha viatu! Walikuwa Saigon wanakunywa, dogo akaja na sanduku anataka kuwapigia viatu rangi, rafiki yake Rambo akakubali, sanduku lilitegwa bomu. Rambo anaelezea vipande vya mwenzake vilivyomrukia na jinsi alivyokuwa anamtafutia miguu haioni. Na Las Vegas ni kwamba huyo rafiki alikuwa na ndoto warudi nyumbani waendeshe gari lake mpaka huko. Hakuna kisasi hakuna nini. Aisee nililala saa nane.

Haya leteni zenu.

#2
Mkuu kwa Stallone usijilaumu, yule wakati anazaliwa walimvuta na koleo za uzazi mshipa wa fahamu ukaumia, upande wa kushoto chini ya uso umepooza mpaka mdomo na ulimi. Ule mdomo wa kuburuza sio maigizo. Sasa umuongezee kilio juu.

Wa kwangu ni Brando kwenye The Godfather. Ilinichukua mara nne kujua yule mwenye duka la maiti mwanzoni anataka nini hasa. Nilikuwa nasikia mmh mmh mmh, paka analia, mmh. Huyu sasa alifanya makusudi, kwenye majaribio alijaza pamba mashavuni, wakati wa kushuti wakamtengenezea kitu cha meno cha kuvimbisha shavu. Mtu mzima unalipwa kisha unajaziwa mdomo usieleweke!

#3
Umenikumbusha Brad Pitt kwenye Snatch ya 2000. Mimi niko chuo najisifia kingereza, washkaji wananiambia tafsiri, nikatafsiri dakika kumi nzima mambo ya kutunga kwa kujiamini kabisa 😂 baadae nikaja kuelewa kumbe hata wenzake ndani ya picha hawamuelewi na ndo utani wenyewe. Sijawahi kumwambia mtu, wewe ndo wa kwanza.

#4
@#3 😂😂 basi kuna undugu hapo. Pitt mle ni bondia wa ngumi kavu wa wale watu wa kuhamahama na misafara, na Tom Hardy ile sauti ya Bane, yule adui wa Batman kwenye The Dark Knight Rises, alisema aliichukua kwa Bartley Gorman, bondia wa ngumi kavu wa jamii hizohizo. Inaonekana ukitaka usisikike mtafute bondia.

Kipande cha mwanzo kile cha kwenye ndege walikionyesha mapema Desemba 2011, watu wakalalamika hawasikii kitu, picha kutoka 2012 sauti ya Bane imeshakuwa juu mpaka unahisi anaongea akiwa ndani ya sikio lako.

#5
Mie niko Dubai huku, nina khalati yangu, mama yangu mdogo, Kizungu hajui hata cha kuombea maji ila Kiarabu anasoma kama maji. Tenet tumekwenda sinema, mie najifanya msikilizaji, wale watu wana mabarakoa na mawimbi na muziki unapiga, sikupata kitu. Sinema za huku maandishi ya Kiarabu yapo chini. Tunatoka nje khalati ndo ananieleza mie picha ilivyokwenda. Nikaona haya wallahi.

Na Nolan mwenyewe, mwongozaji wa hiyo Tenet, hapendi kuwarudisha waigizaji studio kurekodi upya maneno, anataka yaleyale waliyosema pale pale. Sawa, lakini na sisi atuonee huruma.

#6
Huku Nairobi wasee wa DJ Afro, yule wa kusimulia muvi kwa sauti yake, hatuna hiyo shida, venye actor anamumunya mdomo ndo jamaa anapata nafasi ya kuweka zake. Kuna muvi nimekuja kuiona orijino nikaona imeboa ajab.

#7
Naomba niongee kama fundi kidogo. Nusu ya kesi mnazosema sio mwigizaji, ni TV. Picha nyingi sauti inachanganywa kwa njia sita, na maongezi mengi yanakaa spika ya katikati. TV yako ya ukutani ina spika mbili vidogo vimeangalia chini au nyuma ukutani, kwa hiyo mlipuko unausikia wewe na jirani, maneno hayasikiki. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, zima hizo saraundi, weka stirio ya kawaida, kama kuna sehemu ya kukuza maongezi iwashe. Deki ya mtoa mada sina dawa yake.

#8
Fundi umesema vizuri ila mimi nyumba ni bati bila dari, mvua ikianza mipangilio gani?

#9
@#8 hapo kalale.

#1 (mtoa mada)
Narudi. Baada ya kuandika huu uzi roho haikutulia, jumapili nikamtafuta yule bro mtafsiri, siku hizi ni mzee ana duka la vifaa vya baiskeli. Nikamwambia kaka ile Rambo ulitupiga, hakukuwa na jeneza. Akacheka mpaka akakaa. Anasema ile kaseti ilikuwa kopi ya kopi, pale mwisho alisikia maneno mawili tu, boksi na Las Vegas, na watu wameshalipa wanamuangalia yeye, "sasa ulitaka ninyamaze?"

Nikamsimulia ya sanduku la viatu. Akanyamaza, akachukua spoku akawa anazihesabu, halafu akaniuliza kama naweza kumletea hiyo picha kwenye flashi.