Unga wa mlonge na saratani ya matiti: muuzaji aachwe aseme anachotaka?

Mimi nasema asiachwe. Nipingeni.

Jumanne nilivuka na kivuko cha Kamanga. Hatujafika katikati ya maji, kijana akasimama kati ya magari na kina mama wenye ndoo za dagaa, kashika kopo jeupe la unga wa kijani. Elfu kumi. "Mama, kijiko kimoja kwenye uji, saratani ya matiti utaisikia kwa jirani." Makopo sita yaliisha kabla hatujagusa gati. Hakuna aliyemuuliza kitu, nami nikiwemo.

Mlonge ni mboga nzuri, nyumbani tunaula. Na kweli, maabara dondoo la majani yake limeua seli za saratani ya matiti kwenye sahani. Hata jiki inaua seli kwenye sahani. Marekani walichukua wanawake 3,088 waliokwishatibiwa saratani ya matiti, kundi moja likala mboga na matunda kwa wingi hasa. Matokeo yakatoka 2007, baada ya miaka saba hivi: ugonjwa ulirudi sawasawa kwa makundi yote mawili. Hiyo ni mboga ya kila siku, sembuse kijiko!

Binti Nera: Kaka, unachanganya kuzuia na kurudi. Hao walishaugua. Na mbona soya umeiruka? Shanghai walifuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000, waliokula soya nyingi ndio waliorudiwa na kufa kwa uchache. 2009 hiyo. Huku kwetu bado tunatishwa kwamba soya inaleta saratani.

Mzee wa Igoma: Kijana anatafuta riziki. Bibi zetu walikula mlenda na mtama, saratani ya matiti hatukuijua. Mkimfunga mdomo, ng'oeni na mabango ya bia. Pombe ndiyo inayojulikana kuongeza saratani hiyo.

Mwanzisha mada: Shikamoo mzee. La bia umenishinda. Ila bibi zetu walinyonyesha miaka miwili miwili, mtoto baada ya mtoto. Mwaka 2002 zilijumlishwa tafiti 47 za nchi 30: kila mwaka wa kunyonyesha unapunguza hatari kwa asilimia 4.3. Huenda mlenda unabeba sifa za ziwa la mama.

Binti Nera, umenikamata, halafu ukajikamata: hao wa Shanghai nao walishaugua. Soya ya kula sina ugomvi nayo. Kinachonikwama kooni ni kopo lenye ahadi. Finland waliwapa wavuta sigara vidonge vya beta-karotini, ile ile ya kwenye karoti, wakitegemea kinga. 1994 wakakuta saratani ya mapafu imeongezeka.

Mama Kayenze: Mimi nilinunua. Nilikuwa na uvimbe karibu na kwapa, kama punje ya harage. Miezi minne nakoroga unga kwenye uji, nabonyeza kila asubuhi nione kama umeyeyuka. Daktari aliponiuliza umeanza lini, nikadanganya, nikasema wiki mbili. Naendelea na matibabu.

Mwanzisha mada: Pole sana mama. Hilo kopo bado unalo? Limeandikwa nini?

Mama Kayenze: Ninalo, naweka chumvi. Limeandikwa "lishe bora kwa familia". Saratani aliitaja kwa mdomo tu.